Usiku Niliowaona Wafupi Wakiwashinda Warefu

Usiku wa kuamkia Machi 18, 2023, nikiwa nimelala chali na simu kifuani huku nimezima sauti nisiwaamshe watoto, nilitazama chuo cha Fairleigh Dickinson cha New Jersey kikiking'oa chuo cha Purdue kwa pointi 63 kwa 58 katika NCAA, mashindano ya kikapu ya vyuo vya Marekani. Ilikuwa mara ya pili tu, kwa upande wa wanaume, timu iliyopangwa nafasi ya 16, yaani ya mwisho kwa ubora katika kundi lake, kuishinda ya nafasi ya kwanza.

Nilicheza kikapu chuoni na kimo changu hakikunisaidia, kwa hiyo macho yangu yalimganda Zach Edey wa Purdue, mwenye zaidi ya mita 2.2, ambaye Fairleigh Dickinson, timu fupi kuliko zote za daraja la kwanza la vyuo, haikumwachia mtu mmoja: mlinzi mmoja alisimama mbele yake kukata pasi, mwingine nyuma, na wenzake Edey wakaachiwa warushe kutoka mbali. Purdue walirusha mitupo 26 ya pointi tatu, wakafunga 5.

Wengi waliita bahati. Bahati ilikuwepo, lakini kabla ya hapo: chuo cha Merrimack, kilichowashinda Fairleigh Dickinson fainali ya ligi yao kwa pointi moja, hakikuruhusiwa kushiriki NCAA kwa kuwa kilikuwa bado kinahamia daraja la kwanza, nafasi ikawaangukia wao. Dhidi ya Purdue niliona mpango, tena katika mchezo mmoja wa mtoano usio na marudiano.

Raundi iliyofuata, chuo cha Florida Atlantic kiliwatoa Fairleigh Dickinson kwa 78 kwa 70. Mchezo huo nao niliukesha, Jumatatu nikaenda kazini nikisinzia.