Nilivyoorodhesha picha za .jpg kwa lugha ya C bila kuita ls

Wanaosema "andika tu system("ls *.jpg"), yaishe", yaani programu ya C iiite ls, amri ya Linux ya kuorodhesha faili, naomba wasome hapa. Ushauri huo nimepewa na watu wenye uzoefu, na umenichosha.

Studio ninayoifanyia kazi hupokea kadi za kamera kila baada ya sherehe. Nilitaka programu ndogo inipe majina ya picha tu, kwa mpangilio. Haya, nikaujaribu ushauri wao. Folda iliitwa "Harusi Jumamosi". Sh, programu ambayo system huikabidhi amri, ikalikata jina kwenye nafasi, ls ikatafuta vitu viwili visivyokuwepo. Nikazungushia alama za kunukuu: faili hakuna, maana kamera huandika DSC_0412.JPG kwa herufi kubwa, na kwenye Linux .JPG si .jpg. Nikaweka herufi kubwa. Ndani kulikuwa na folda ndogo ambayo mteja kaiita "albamu.JPG", ls ikaifungua na kumwaga vyote vilivyomo. Na baada ya hayo yote majina yako kwenye skrini, programu yangu haina hata moja! Jina la folda likiwa na nukta mkato (;) na umesahau alama za kunukuu, ndiyo hatari zaidi: sh itachukua kinachofuata kuwa amri mpya na kuitekeleza.

Kazi hii ni ya dirent.h, faili la kichwa la C lenye vitendakazi vya kusoma folda. Kufungua na kufunga folda kwa opendir na closedir kila mtu anakujua. Uhondo uko kwenye kuchuja. Wengine hupendekeza strstr, yaani chukua kila jina lenye ".JPG" popote. Sasa darktable, programu ya kuhariri picha, huhifadhi marekebisho ya picha kwenye DSC_0412.JPG.xmp, na strstr inalibeba na hilo. strrchr hutafuta nukta ya mwisho, kwa hiyo inaona .xmp na kuliacha.

```c
static int picha(const struct dirent *d)
{
    const char *n = strrchr(d->d_name, '.');
    if (d->d_name[0] == '.' || !n) return 0;
    return strcasecmp(n, ".jpg") == 0
        || strcasecmp(n, ".jpeg") == 0;
}
```

Sharti la nukta ya mwanzo msilifute. Kadi ikipita kwenye Mac hurudi na vifaili kama ._DSC_0412.JPG: kwa jina ni picha, ndani hamna picha.

Halafu scandir(njia, &orodha, picha, alphasort): inasoma folda yote, inachuja kwa picha iliyo hapo juu, na kuweka matokeo kwenye orodha. Hapa ndipo nilipofurahi kwelikweli. readdir, inayosoma jina mojamoja, peke yake haina mpangilio wowote, bibi harusi anaweza kutoka kanisani kabla hajaingia. alphasort inazipanga zote kwa jina. Ukimaliza, achilia kumbukumbu kwa free: kila kipengele, kisha orodha yenyewe.

Kwa ile "albamu.JPG" usitegemee d_type pekee, sehemu ya dirent inayotaja kama kitu ni faili au folda: baadhi ya mifumo ya faili hurudisha DT_UNKNOWN, yaani haijulikani. Tumia stat, inayosoma taarifa za faili, na S_ISREG, inayothibitisha kuwa ni faili la kawaida, na uipe stat njia kamili: unganisha folda, "/" na d_name kwa snprintf, la sivyo itatafuta pale programu ilipoanzia.

Gharama ni jioni moja tu. Hata bando sikugusa, mwongozo, man 3 scandir, umo ndani ya kompyuta. Wa Visual Studio kwenye Windows, dirent.h hamna, nendeni kwa FindFirstFile na FindNextFile.