Pikipiki iliyostaafu kubeba watu: kumbukumbu ya mradi wangu

Januari 11

Leo nimebandua stika ya kijiwe, yaani kituo chetu cha bodaboda. Ilikaa kwenye tenki miaka sita, na chini yake rangi bado ni nyekundu ileile ya siku nilipoichukua kwa mkataba. Kwa asiyejua mkataba: tajiri ananunua pikipiki, wewe unampelekea hesabu kila wiki, na ukimaliza mwaka na kidogo bila kuyumba, kadi ya usajili inakuwa yako. Mimi niliyumba mara mbili, ikanichukua mwaka na miezi minne. Baada ya hapo ikalipa kodi, ikalipa mahari, ikampeleka mama Turiani na kumrudisha sijui mara ngapi. Siku hizi natunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi, na yenyewe imesimama chini ya mwembe huku Kihonda, Morogoro, tangu Julai, kuku wanalala juu yake.

Jamaa wa kijiwe walinishauri niuze. Bei waliyotaja ni ya chuma chakavu na kadi. Nikasema hapana, nitaitengeneza iwe ya kwangu: siti ya mtu mmoja, mkia mfupi, tairi zenye meno, hakuna keria. Bajeti ni laki nne na haiongezeki. Sharti jingine ni kwamba injini haiguswi zaidi ya oili, valvu na kabureta, kwa sababu ndiyo kitu pekee kwenye pikipiki hii ambacho hakijawahi kuniaibisha njiani.

Januari 18

Nimevua kila kitu kisichohitajika: keria, bampa ya mbele, pedeli za abiria, kile kikono cha kufungia mwavuli, madigadi mawili na chuma ambacho hata sikumbuki nani alikichomelea wala kwa nini. Mzani wa dukani umesoma kilo 14. Nimeziuza kwa mnunua skrepa, nikapata 11,200. Mradi umeanza kwa kuingiza pesa, jambo ambalo nina hakika halitajirudia.

Chini ya siti nimekuta nilichokiogopa. Bomba la kulia la chesisi, pale shokapu inaposhika, lina ufa wa urefu wa kidole. Huo ni ufa wa mshikaki. Kila Jumapili baba, mama na watoto wawili hadi kanisani, na mimi mbele nikicheka na hesabu. Chuma kilikuwa kinaandika yote.

Januari 25

Ugomvi wa luku. Nyumba yetu ina mita moja kwa wapangaji wanne, na nimewasha grainda kwa nusu saa kukata mkia wa chesisi. Mama Zawadi akatoka na simu inayoonyesha salio la yuniti. Nikajaribu hesabu: grainda yangu ni wati 720, nusu saa ni yuniti 0.36, pasi ya mumewe inakula zaidi asubuhi moja. Hesabu ilikuwa sahihi na haikunisaidia chochote. Nimeweka luku ya 5,000 na kuahidi kukata vyuma mchana, si jioni watu wakiangalia tamthilia. Imeandikwa kwenye daftari la mradi kama gharama ya amani.

Februari 2

Siku ndefu kuliko zote na ndiyo niliyoifurahia zaidi.

Mkia mpya ni kitanzi cha paipu kinachounganisha mabomba mawili ya nyuma ya chesisi. Wenye karakana wana mashine ya kukunjia. Mimi nina mkaa. Kwanza, paipu iwe nyeusi. Ile ya maji yenye ngozi ya zinki usiipeleke kwenye moto, moshi wake mweupe ni sumu, utalala na homa usiku kucha. Pili, ujaze mchanga ndani, uushindilie kwa kugonga ubavuni hadi usishuke tena, halafu uzibe ncha zote mbili kwa mti. Mchanga ndio unaozuia paipu isibonyee pale inapokunjwa.

Kitu ambacho nilikijua na bado nikakipuuza ni kwamba mchanga lazima uwe mkavu kabisa. Wangu niliuanika asubuhi moja tu. Paipu ilipoanza kuwa nyekundu, maji yaliyobaki yakageuka mvuke, kizibo kikaruka na kugonga bati la choo kwa mlio ambao Mama Zawadi atausimulia hadi Krismasi. Hakuna aliyeumia. Nimekaanga mchanga mwingine kwenye karai hadi ukaacha kutoa moshi, nikaanza upya.

Upepo wa kuchochea mkaa umetoka kwenye draya mbovu ya saluni niliyopewa na shemeji. Haitoi joto tena, lakini inapuliza, na hapo joto halikuwa tatizo. Kalibu yangu ni rimu ya zamani iliyolazwa chini na kushikiliwa kwa mawe. Kunja kidogo, rudisha motoni, kunja tena. Mara ya kwanza kitanzi kimekwenda upande kama mdomo wa mtu aliyenuna. Cha pili ndicho kilichokubali.

Februari 8

Kuchomelea sijakufanya mwenyewe, na sitajaribu. Mashine ya kuchomelea kwenye luku ya watu wanne ni kutangaza vita, tena mkono wangu haujatulia. Nimesukuma chesisi kwa mkokoteni hadi kwa Mzee anayechomelea mageti karibu na Msamvu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hii ndiyo inayosubiri kuuzwa?"

"Hii inasubiri kupona."

Akaugusa ule ufa kwa kucha, akaniambia nitoboe tundu dogo pale unapoishia kabla hajaugusa, la sivyo utaendelea kutembea chini ya kichomeleo. Nimetoboa kwa milimita 4. Akajaza ufa, akaongeza kipande cha pembetatu kwenye kona. Kwenye kitanzi amekubaliana na nilichopanga: vipande vya paipu nyembamba viingie ndani ya maungio, halafu vichomelewe pembeni na kwenye vitundu, ili uzito wangu usikae juu ya mshono peke yake. Elfu 20. Namba ya chesisi shingoni hatukuisogelea kabisa. Kadi imeandika namba hiyo, na askari wa barabarani anaisoma kabla hajasoma sura yako.

Kwa sababu hiyohiyo tenki linabaki jekundu. Kadi inasema nyekundu. Nilitamani kijani cha jeshi, lakini kubadili rangi ni kubadili kadi, na hiyo safari haimo ndani ya laki nne.

Februari 22

Tenki lilikuwa na kutu ndani kama sufuria ya shule. Watu hutumia asidi ya betri, na baadaye wanashangaa tenki linavuja. Mimi nimetumia molasi. Huku kwetu haina shida kupatikana, Mtibwa wanasaga miwa na wafugaji wananunua ya kulishia ng'ombe. Kipimo kimoja cha molasi kwa tisa vya maji, jaza tenki, ziba, acha. Molasi inaing'ang'ania kutu na kuiacha bati. Ubaya wake ni subira: nimeiacha siku 14, na ndani ya siku hizo nyuki na sisimizi wote wa Kihonda wamepita kusalimia.

Leo nimemwaga. Uji mweusi wenye harufu ya pombe iliyochacha. Nimetia kokoto na cheni ya zamani, nikatikisa hadi mabega yakagoma, nikasuuza kwa maji ya magadi, kisha petroli kidogo yenye oili ili kutu isirudi usiku huohuo. Nimemulika tochi ndani na bati linang'aa. Hakuna mtu atakayeona kazi hii hata mmoja, na ndiyo ninayojivunia kuliko kitanzi.

Machi 1

Gololi za shingo.

Nilifungua shingo, nikaziweka gololi kwenye kikombe cha chai chenye petroli, nikaingia ndani kula. Nilipotoka kikombe kipo, petroli ipo, gololi hazipo. Nimewakuta watoto nyuma ya choo wamechimba vishimo vitatu, mchezo umeshika kasi. Mtoto wa Mama Zawadi ana tano mfukoni na anashinda.

"Anko, si umezitupa?"

Nimezipata zote isipokuwa mbili. Kuzitazama vizuri, nikaona nyingi zina mabaka, na vikombe vya chuma zinamozungukia vimechimbika, ndiyo maana usukani ulikuwa unakwama katikati nikiwa mwendo mdogo. Nimeagiza seti mpya na vikombe vyake, pamoja na beringi nne za magurudumu, kutoka Kariakoo. Za mbele ni 6301, yaani tundu milimita 12 na nje 37. Andika namba iliyochongwa pembeni ya beringi na uipeleke dukani, usiseme tu "ya mbele ya mchina". Parseli imekuja na basi la mchana, nimeipokea Msamvu. Zile za zamani nimewarudishia wenyewe.

Machi 15 hadi Aprili 20

Masika. Hakuna rangi, hakuna kazi ya nje. Nimekaa na injini barazani.

Upande wa kushoto wa injini pamechongwa 156FMI. Nimeendesha miaka sita bila kujua maana yake: silinda moja, kipenyo cha pistoni 56, F inapozwa kwa upepo, M ya pikipiki, I kundi la cc 125. Ni mjukuu wa Honda CG125 ya 1976. Honda waliitengeneza wakijua inakwenda kwa watu ambao oili ni ya mwezi ujao, hivyo badala ya cheni ya taiming wakaweka vifimbo viwili vinavyosukuma valvu. Haina fahari ya mbio, ila fundi yeyote kati ya hapa na Ifakara anaifungua akiwa amefumba macho.

Valvu nimeziweka nafasi ya milimita 0.08 zote mbili, injini ikiwa baridi na pistoni ikiwa juu kabisa. Ile sauti ya cherehani iliyonifuata tangu mwaka juzi imekwisha. Ilikuwa kazi ya dakika ishirini. Miaka miwili nilikuwa naongeza tu sauti ya redio.

Sproketi ya nyuma, ile gia inayovutwa na cheni, ilikuwa meno 43, ya kubebea watu mlimani. Nimeweka 40, mbele imebaki 14. Kwa mwendo uleule injini inazunguka pungufu kwa kama asilimia 7.

Mei 4

Nimerudisha umeme, na haiwaki. Nyaya za taa za urembo, redio, king'ora na chaji ya simu nilizitoa zote, nikabakiza chache nikazifunga upya kwa utepe. Nikapiga kiki hadi kifundo cha mguu kikavimba. Plagi haina cheche.

Nimebadili plagi. Nimeazima koili. Nilikuwa njiani kwenda kununua CDI nyingine, kile kisanduku kinachotoa amri ya cheche, nikakumbuka kwamba aina hii haihitaji hata betri ili itoe cheche, inapata umeme wake moja kwa moja kwenye koili za sumaku. Kwa hiyo kama koili ni nzima na cheche haipo, kuna kitu kinaizima. Waya mweusi wenye mstari mweupe ndio wa kuzimia, ukigusa ethi, yaani chuma cha pikipiki, injini inakufa, na ndiyo kazi yake. Wangu nilikuwa nimeubana chini ya boliti ya tenki. Ngozi ilichubuka, ukagusa chesisi. Kipande cha utepe kimeokoa elfu kadhaa. Kiki ya pili imewaka, na kuku wamehama mwembe.

Mei 18

Kosa la tamaa. Nilinunua filta ya koni kwa 8,000 kwa sababu inapendeza pichani. Nikatoa kasha la filta la zamani, nikaweka koni, nikaweka na egzosi fupi. Pikipiki ikawa inakohoa nikiachia mafuta, na katikati haina nguvu. Plagi imetoka nyeupe kama chaki: hewa nyingi, mafuta kidogo. Nimerudisha kasha la zamani lenye sura mbaya, nikashusha klipu ya sindano ya kabureta pengo moja ili sindano ipande na mafuta yaongezeke. Bure kabisa. Koni inauzwa, mwenye kuitaka aje.

Elfu nane hizo zingetosha waya mpya wa breki ya mbele, ambao nimeununua baadaye kwa pesa ya mboga. Viatu vya breki nimeweka vipya mbele na nyuma. Nitaendesha nikiwa mwepesi kuliko zamani, na mtu mwepesi anajidanganya haraka.

Siti nimeiharibu mara moja. Sponji ya godoro imezama siku ya pili, nikawa nakalia ubao. Fundi wa viti vya bodaboda amenicheka, akatia sponji ngumu, akashona ngozi nyeusi. Elfu 35 na kicheko.

Juni 7

Safari ya kwanza ya kweli: Kihonda, Msamvu, Bigwa, kisha barabara ya Matombo kidogo hadi lami ilipoisha na Uluguru wote ukawa juu ya kichwa. Tairi ya nyuma ya 3.50 imeshika kokoto vizuri. Usukani haukwami tena. Mlima nimeupanda na gia ya tatu pale nilipokuwa natumia ya pili nikiwa na abiria, ingawa hiyo si sifa ya mradi, ni kutokuwepo kwa abiria.

Nikirudi, pale Msamvu, mama mmoja mwenye tenga la nyanya amenipungia mkono. "Boda! Sokoni shilingi ngapi?" Mguu wangu umekanyaga breki kabla kichwa hakijafikiri. Akaizunguka pikipiki, akatazama nyuma ya siti, kisha akanitazama mimi.

"Sasa mwanangu, mimi nikae wapi?"

Nimemwomba radhi na kumwitia kijana wa kijiwe changu cha zamani.

Jumla hadi leo ni 431,500. Nimevuka bajeti kwa 31,500, ukihesabu luku na koni. Plagi imetoka rangi ya kahawia kama ngozi ya karanga. Waya wa spidi mita bado haujaja, stendi ni fupi kwa sababu tairi mpya zimeinua pikipiki, na kava la kulia la injini linatoa tone la oili kila ikilala. Gasketi nitaikata mwenyewe kwa boksi gumu, nimeshapaka kava masizi na kuchapa umbo lake. Jumamosi nafungua.