Si mtambo unaoungua, ni gitaa

Mwaka 2012, ukizungusha kitufe cha redio Lubumbashi baada ya giza kuingia, ulikuwa unapita kwa pasta, unaingia kwa pasta mwingine, unakuta ndombolo ya Kinshasa, halafu unarudi kwa pasta yule wa kwanza kwa sababu alikuwa amenunua saa kwenye stesheni mbili. Sisi hatukuwa tofauti. Redio yetu ilikuwa ghorofani pale Bel-Air, juu ya duka la simenti na misumari la patron mwenyewe, na kilichotulipa mshahara si muziki. Yalikuwa matangazo ya vifo. Jua halijachomoza vizuri, foleni imeshajaa ngazi: fulani ametutoka, kilio kiko Katuba, maziko ni kesho. Watu walilipa kwa Mama wa mapokezi, yeye akaandika kwenye daftari lake la mistari, mimi nikasoma hewani. Nilikuwa mtangazaji wa asubuhi na wa usiku, maana wasichana wawili wa mchana walikuwa wameolewa na hakuna aliyewarithi.

Asubuhi ilijilisha yenyewe. Shida ilikuwa usiku. Pasta wetu mkubwa, aliyekuwa amenunua kuanzia saa tatu mpaka saa sita za usiku, alihamia kwa jirani mwenye mtambo wenye nguvu zaidi, akatuachia masaa matatu matupu. Patron akaitisha mkutano kwenye stoo ya simenti, kwa sababu studioni hatukuenea.

Mapendekezo ya kwanza yalikuwa yale yale. Injili. Rumba ya zamani kwa wazee. Mpira, kwani tangu timu yetu ya Mazembe ifike fainali ya klabu za dunia dhidi ya Inter Milan, Desemba 2010, kila mwenye mdomo Kamalondo alijiona mchambuzi. Patron alisikiliza huku akikwangua simenti iliyoganda kwenye saa yake ya mkono. Kisha mpwa wake, aliyekuwa amerudi kutoka Johannesburg na diski ngumu mfukoni, akasema neno moja: roki.

Nakumbuka tulivyocheka. Fundi mitambo wetu, Yaya, yaani kaka mkubwa, tuliyemwita hivyo wote hata waliomzidi umri, alicheka mpaka akakohoa.

Kijana hakujali. Alichana karatasi ya mfuko wa simenti, akafunika sahani ya kulia bukari juu yake, akachora duara, akaligawa. Juu, dakika za kwanza za saa, wimbo ambao kila mtu anaujua. Robo ya kwanza, wimbo mpya. Nusu saa, jina la stesheni na tangazo. Akaendelea hivyo mpaka duara likajaa. Alituambia hiyo ndiyo formati, na kwamba sisi maisha yetu yote tulikuwa na vipindi tu. Kipindi kina mwenyewe. Mwenyewe akiugua, kipindi kinalala naye. Formati inabaki hata mtangazaji akiolewa. Hapo aliniangalia mimi, nami nikaangalia ukutani.

Halafu akatoa hadithi ya San Francisco. Kulikuwa na stesheni ya FM iitwayo KMPX, hali yake ya fedha mbaya, ikiishi kwa kuuza saa zake kwa watu wa vipindi vya lugha za kigeni. Mwaka 1967 mtangazaji mmoja, Tom Donahue, akaingia pale akapewa saa za usiku, akaacha utaratibu wa kupiga zile nyimbo chache fupi zinazouzika, akaanza kupiga nyimbo ndefu za ndani ya albamu, moja ikifuata nyingine, bila kelele za mtangazaji katikati. Vijana wakahamia FM. Redio nyingi za roki za Marekani zimetokea kwenye mlango huo.

Patron aliuliza swali moja tu. “Njo nani alikuwa analipa?”

Jibu la kijana ndilo lililoniudhi. Alisema watalipa wazungu wa migodi: Waafrika Kusini, Waaustralia, Wakanada, walioko kwenye hoteli na kwenye kambi za kampuni. Hoteli zitatangaza, wauza magari makubwa watatangaza. Mimi nikasema, bila adabu kubwa, kwamba wale watu wana setilaiti na simu zao, hawatafuti stesheni yetu ya wati mia tatu kati ya mapasta. Redio inayolengwa kwa mgeni aliye hotelini itasikilizwa na mlinzi wa hoteli. Kama ni roki, basi iwe kwa ajili ya huyo mlinzi.

Ndipo Yaya akasimama kutupinga wote wawili, na hoja yake haikuwa ya ladha. Alipanda nasi studioni, akaweka katransista kake kadogo ka betri juu ya meza, akachukua diski ya kijana na kurusha hewani wimbo wa gitaa zito. Kwenye spika za studio ulisikika mzuri. Kwenye katransista, zilisikika kelele za samaki anayekaangwa. Yaya akaeleza kwa utulivu wa mtu anayejua kazi yake. Gitaa la roki limekwisha kuvunjwa sauti makusudi kabla halijafika kwetu. Mawimbi yake yamekatwa vichwa. Ukilipitisha kwenye mtambo wetu, ambao nao unakata vichwa ukizidishiwa sauti, kinachomfikia mtu wa Ruashi mwenye redio ya Kichina ni mkwaruzo mtupu. “Batu batasema masini imekufa,” alisema.

Kabla hajamaliza, Mama wa mapokezi alifungua mlango mbio. “Yaya, zima! Iko inaungua!”

Kikao kingeishia hapo. Lakini nyuma ya Mama, kwenye ngazi, alikuwa amesimama mzee mmoja mwenye kofia ya zamani ya reli, na karatasi ya tangazo la kifo mkononi. Mfanyakazi mwenzake wa zamani alikuwa amefariki. Alikuwa anangoja risiti, na mlango ukiwa wazi alisikia kila kitu.

“Haiungui, Mama,” alisema. “Ile ni roki. Tulicheza ile ku Ndola, mbele huyu mutoto azaliwe.”

Sisi wa Lubumbashi tunaangalia Kinshasa sana, na ni kosa la jiografia. Kinshasa ni safari ya ndege. Zambia ni asubuhi moja ya gari. Miaka ya 1970 mzee yule, Papa kama tunavyowaita wazee kwetu, alikuwa fundi wa treni za mizigo, zikipita Sakania kuingia Ndola, akilala huko siku za kubadilisha mabehewa. Alikuta miji ya shaba iliyojaa vijana wenye nywele ndefu na magitaa ya umeme. Kaunda alikuwa ameagiza asilimia 95 ya muziki wa redio uwe wa Wazambia wenyewe, na vijana waliokulia kwa Rolling Stones na Jimi Hendrix wakaitii amri hiyo kwa namna yao: wakatunga roki ya nyumbani. WITCH, ambao mwimbaji wao Emmanuel Chanda alijiita Jagari, yaani Jagger aliyevikwa Uafrika. Amanaz. Musi-O-Tunya. Paul Ngozi na kundi lake. Leo dunia inauita muziki ule Zamrock. Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya miaka ile, pesa zilikauka kule kama zilivyokuja kukauka kwetu, na UKIMWI baadaye ukawachukua wengi wao. Hayo mimi sikuyajua. Nilikuwa nimezaliwa na kukulia Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi ambao nusu ya bibi zake wanagombana kwa Kibemba, na sikuwahi kuambiwa.

Papa alirudi kesho yake, baada ya maziko, akiwa bado na suti nyeusi. Mjukuu wake alibeba gramafoni. Mkanda wa gramafoni ulikuwa umekatika zamani, naye alikuwa amekata mwingine kutoka kwenye tyubu ya gurudumu la baiskeli, kwa mkasi, akaunganisha kwa gundi ya viatu. Ulizunguka, ila taratibu kidogo, ukiporomosha kila wimbo karibu nusu toni. Kila mzunguko, pale penye kiungo cha gundi, muziki ulirukaruka kidogo. Santuri yenyewe aliitoa kwenye taulo. Ilikuwa ya Amanaz, ya mwaka 1975, na kwenye karatasi ya katikati paliandikwa Zambia Music Parlour. Kijana wa Johannesburg alipoiona akaishika kwa ncha za vidole. Alijua bei yake Ulaya: mamia ya dola kwa nakala ya kwanza. Papa akamwambia aishike vizuri, haivunjiki kwa kuangaliwa.

Gitaa lilikuwa chafu, lenye ukungu, lakini halikujaza chumba chote. Kulikuwa na nafasi kati ya ngoma na besi, na hata kwenye katransista ka Yaya ungeweza kuhesabu vyombo. Yaya mwenyewe ndiye aliyelitambua hilo kwanza, akainama karibu na spika ndogo, akaanza kupunguza sauti kwenye meza yake bila kuombwa. Walirekodi na vifaa vichache, akasema, kwa hiyo hawakupata nafasi ya kuharibu. Waliimba Kiingereza, kisha wimbo mmoja ukageuka ukawa Kibemba, na Mama wa mapokezi, aliyekuwa amekuja kudai daftari lake, akabaki mlangoni. Hakusema ni muziki mzuri. Alisema, “Huyu ni mutu wa Kasama,” kwa uhakika wa mtu anayetambua matamshi ya kijijini kwao, na akakataa kubishana.

Patron bado alitaka mlipaji. Papa wa reli ndiye aliyemaliza neno, na hakumalizia Zambia. Alimuuliza kama anamjua Mwenda wa Bayeke. Nani asiyemjua? Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na gitaa lake likasikika hadi Ulaya na Marekani. “Sasa alipoenda Nairobi, mwisho wa miaka ya 1950, kwa redio alikuwa anauzisha nini?” Patron hakujua. “Aspro. Dawa ya kichwa. Kwa gitaa.” Papa akageukia kwenye mtambo. “Patron, gitaa la Katanga limeuzisha dawa ya kichwa. Litashindwa kuuzisha misumari?”

Hilo patron alilielewa. Aliamua palepale, amesimama: saa tatu mpaka saa sita za usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Wikendi zibaki za rumba, asije akafukuzwa na wakwe zake. Asubuhi isiguswe. Hilo tulikubaliana bila mjadala, kwani huwezi kumtoa mtu kwenye solo ya gitaa ukamwambia shangazi yake amefariki. Saa tuligombania mimi na kijana usiku mzima juu ya karatasi ya simenti. Nusu saa ya kwanza ilibaki yangu: Zambia, na chochote cha Afrika chenye gitaa la mbele, hata bendi ya Zaïko ya zamani pale seben, yale magitaa ya kuchezea, inapowaka. Nusu ya pili yake: wazungu wake, kuanzia mapema, na Wamarekani weusi Chuck Berry na Little Richard, ambao nilimlazimisha waje kabla ya wote, ili asiyejua ajue nani alianza. Mwiko mmoja aliuweka Yaya: nyimbo nzito kabisa zisipigwe jenereta likiwa linafanya kazi, kwa sababu umeme wake ulitetemeka na kuongeza mkwaruzo juu ya mkwaruzo.

Usiku wa kwanza umeme ulikatika kabla ya saa nne. Jenereta likawashwa. Simu ya studio, ile ndogo ya tochi, haikunyamaza. Wa Kampemba: mtambo wenu unaungua. Wa Katuba: dada, kuna harufu ya moshi? Mwanamke mmoja alituombea. Nikafungua maikrofoni nikasema, “Ndugu wasikilizaji, mtambo hauungui. Ni gitaa. Tulieni, muskilize vizuri.” Nikairudia kila baada ya wimbo mmoja au miwili, mpaka ikawa ndiyo alama ya kipindi, miezi ikapita watoto wa mtaani wakinisalimia hivyo, dada Mtambo-Hauungui. Kati ya simu zile walikuwepo pia wanaume wenye sauti za uzeeni, wakiuliza kwa Kibemba kama tunayo ya WITCH, na mmoja akataka kujua Papa wa reli anakaa wapi, kwa sababu amemkopesha santuri mwaka 1979.

Mlipaji wa kwanza hakuwa hoteli. Alikuwa kwado wa barabara ya Kasumbalesa, anayeziba tairi za malori usiku kucha, mtu mwenye mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Alipanda ngazi asubuhi, akapita foleni nzima ya wafiwa akiomba radhi, akaweka dola mbele ya Mama. Madereva wanaotoka Zambia, alisema, wakisikia muziki ule kwenye redio yake wanasimama hata kama tairi haina shida. Alikuwa na sharti moja tu, na aliniambia mimi mwenyewe, akinyoosha kidole: jina lake nilitaje kabla gitaa halijaanza, si baada yake, maana likishaanza hakuna anayesikia mtu mwingine.