Utomvu wa mnyaa uliponiingia jichoni

Kwetu Shinyanga minyaa ndiyo ukuta wa boma. Mifugo haiigusi na ukame hauiwezi. Nimekulia ndani ya wigo huo, lakini mwaka jana, nikiupunguza kwa panga kabla ya mvua, tone la utomvu mweupe likaniruka jicho la kulia. Nikalifuta upesi kwa kiganja, nacho kilikuwa kimelowa utomvu uleule. Hapo ndipo nilipojiumiza zaidi.

Liliwasha kidogo tu. Nikanawa uso, nikarudi kazini. Ukali wenyewe ulikuja usiku: kama mchanga wa moto chini ya kope, machozi hayakatiki, hata mwanga wa simu unachoma. Mama akahangaika. "Mwanangu, jirani ananyonyesha, nikamwombe maziwa tukudondoshee." Najua ni huruma, na wengi kwetu hufanya hivyo, lakini nilimwomba tusitie kitu ila maji safi. Kwanza nikaosha mikono na uso kwa sabuni, maana utomvu ule unanata na maji matupu hayautoi. Kisha nikalalia ubavu wa kulia, ili maji yasitiririkie jicho la kushoto lililo zima, mdogo wangu akamimina kwa jagi taratibu dakika ishirini nzima. Laiti ningefanya hivyo palepale shambani!

Asubuhi niliona ukungu mtupu. Nilikwenda kliniki ya macho na kijiti cha mnyaa ndani ya kopo lenye mfuniko, na mganga alipokiona tu akajua la kufanya. Alinitia dawa ya rangi ya machungwa, akamulika kwa taa ya buluu. Palipobabuka kwenye kioo cha jicho pakang'aa kijani. Akaliosha tena, akabinua kope kukagua, akanipa mafuta ya antibiotiki na matone ya kutanua mboni ili maumivu yapungue. Akanikanya vikali nisinunue dukani matone ya deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe: bila kupimwa, yanaweza kuchelewesha kidonda kupona na kuwapa vijidudu nafasi.

Siku ya tatu maumivu yalilegea. Siku ya nane nikasoma gazeti kwa jicho lile peke yake, mama akiwa ameketi pembeni, akilia.

Sasa sigusi wigo bila glavu na miwani ya plastiki inayofunika hadi pembeni. Upande wanakochezea watoto, ambao walizoea kuvunja vijiti waone "maziwa" yakidondoka, minyaa yote nimeing'oa. Nimepanda michongoma.