Shalumu na Binti Zake

Somo la wiki: Nehemia 3:1–12

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Sura hii, inayosimulia ukuta wa Yerusalemu ulivyojengwa upya, wengi tunairuka. Ni majina matupu: fulani alijenga lango, aliyemfuata akajenga kipande cha ukuta, na mwingine tena. Leo naomba tusimame kwenye mstari wa 12. Shalumu, kiongozi wa nusu ya wilaya ya Yerusalemu, alijenga yeye pamoja na binti zake. Rudi nyuma hadi mstari wa 5 utawakuta wakuu wa Tekoa, waliokataa kutia shingo kazini. Wakubwa walikaa pembeni, mabinti wakajenga, na Nehemia akayaandika yote mawili bila kumwonea mtu aibu.

Mstari huo hunipeleka India, jimbo la Maharashtra. Tarehe 30 Septemba 1993, karibu saa kumi alfajiri, tetemeko la ukubwa wa 6.2 lilizipiga wilaya za Latur na Osmanabad. Watu walikuwa wamelala, sikukuu ya Ganesh, mungu wa Wahindu, ikiwa imetoka kumalizika. Nyumba nyingi zilikuwa za mawe yaliyoshikwa kwa udongo, na juu yake paa zito la udongo vilevile. Zikawaangukia. Walikufa karibu watu 10,000.

Serikali ilipoanza mpango wa kukarabati nyumba zilizonusurika, shirika la Swayam Shikshan Prayog, chini ya Prema Gopalan, lilipewa kazi ya kuwashirikisha wanavijiji. Likaenda kwa vikundi vya akina mama. Humo wakachaguliwa wanawake wa kusimama kati ya wahandisi na wenye nyumba: kueleza jinsi ya kupunguza uzito wa paa na kufunga kuta zisiachane, kufuatilia fedha, kuangalia fundi anafanya nini. Kazi hiyo ilienea vijiji zaidi ya 1,000. Wengi wao ni Wahindu, na mimi sioni haya kujifunza kwao.

Tetemeko la Gujarat, jimbo jingine la India, lilipokuja, tarehe 26 Januari 2001, wanawake wa Latur walisafiri hadi Kutch, wilaya ya Gujarat, wakakaa na wenzao waliofiwa. Hebu fikiri: unafundishwa kujenga upya na mama ambaye naye nyumba yake ilianguka. Mtaalamu gani angesikilizwa kuliko huyo?

Nasi tuna tetemeko la Kagera. Tarehe 10 Septemba 2016 ilikuwa Jumamosi alasiri. Watu 17 walifariki na maelfu ya nyumba zikapasuka au kuanguka. Vikundi tunavyo, vya kuweka na kukopa, vya kuzikana, umoja wa wanawake wa kila usharika. Lakini msiba ukitokea, akina mama tunawakabidhi masufuria, na kamati ya ujenzi tunaijaza wanaume. Mama anayejua nyumba ipi ina mgonjwa asiyeweza kutoka, na ukuta upi ulianza ufa tangu masika, haulizwi kitu.

Wiki hii tuliulize jambo hilo kwenye jumuiya zetu, kabla ardhi haijatetemeka: kamati ya ujenzi ina wanawake wangapi, na je, wameonyeshwa ramani?

Tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke waliofiwa Kagera, Latur na Kutch. Uwabariki mikono akina mama wanaojenga. Na wenyeviti wetu, Baba, uwape moyo wa kuongeza viti. Amina.