Kabla ya kukodi gari la kwenda Dar

Jumapili, jioni

Minada ya korosho ikifunguliwa na pesa zikaingia, vikao vya kumpeleka mgonjwa Dar es Salaam huongezeka. Naelewa. Mtu ameugua mwaka mzima bila nauli, sasa nauli ipo. Nani atasema tusiende? Mjomba akishatamka, gari linatafutwa. Lakini kutoka Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550, na kwa mtu ambaye saratani imeshaingia kwenye mifupa, kila tuta barabarani ni kilio.

Vikaoni huulizwa: "Daktari kasemaje, zimebaki siku ngapi?" Hakuna daktari anayejua idadi hiyo. Mimi ningeuliza siku ya mgonjwa inapitaje. Je, yuko kitandani zaidi ya nusu ya saa anazokuwa macho? Amelazwa, akaruhusiwa, akarudishwa wodini mara mbili tatu ndani ya miezi michache? Nguo zinazidi kumpwaya? Matibabu yanamchosha kuliko yanavyomsaidia? Kwangu mawili kati ya hayo yanatosha kwenda kuomba tiba shufaa, yaani matunzo ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso. Na kama maumivu yanamnyima usingizi, msingoje hata hayo. Tiba shufaa huanza hata mgonjwa akiwa bado kwenye mionzi.

Neno hospisi linawatisha watu, wanaona jengo la kwenda kufia. Hapa kwetu, tunachokiomba hasa ni muuguzi, dawa na maelekezo kwa anayeuguza, mgonjwa akiwa nyumbani kwake. Ulizeni hospitalini, Ligula kwa walio Mtwara, Sokoine kwa walio Lindi, au Ndanda na Nyangao: nani anashughulikia tiba shufaa, na mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, ipo? Ulizeni mapema. Mofini inadhibitiwa kisheria, huipati kwenye duka la dawa muhimu la mtaani. Lazima daktari aandike. Ukianza kuitafuta usiku maumivu yameshapanda, mgonjwa atangoja hadi asubuhi.

Kwenye mofini ndiko makosa yanakojaa. Kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa 4: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku, ambapo daktari mara nyingi huandika dozi mara mbili ili mgonjwa alale hadi alfajiri. Wengi wanangoja maumivu yarudi ndipo wampe. Maumivu yakishapanda, dozi ileile haiyashiki tena, na watu wanasema dawa haifanyi kazi. Wengine wanapimia kijiko cha chai cha nyumbani, na vijiko havilingani. Ombeni bomba la sindano lisilo na sindano, msome na chupa: ipo ya miligramu 5 katika mililita 5, ipo yenye nguvu mara mbili yake. Usingizi na kichefuchefu hupungua baada ya siku chache, lakini choo huendelea kufunga muda wote, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile. Kama hamkuandikiwa, rudini mkaiombe kabla hamjaondoka hospitali. Na hofu kwamba mofini itammaliza mgonjwa, hapana: ikipimwa sawasawa na kupandishwa taratibu na daktari, haimharakishii kifo.

Uji nao. Mgonjwa wa hatua hii akikataa kula, si kwamba hamjambembeleza vya kutosha. Mwili hautaki tena, na uji wa kulazimishwa unaweza kuingia njia ya hewa, akapata nimonia. Lowesheni kitambaa safi, mfuteni midomo, mpakeni mafuta kidogo isipasuke.

Kinachoniuma zaidi ni vikao vinavyofanyika barazani huku mwenye ugonjwa yuko chumbani, anasikia sauti tu. Aulizwe angali na nguvu za kujibu. Wapo watakaosema Dar, na waende. Wapo watakaotaja chumba cha uani, chenye dirisha linalotazama mkorosho, na kutaka kitanda kisogezwe karibu na hilo dirisha.