Jeli ya ultrasaundi chini ya lenzi

Alasiri ile ya Februari, katika maabara moja hapa Nairobi, picha ya darubini yetu ya fotoni mbili ilikuwa safi hadi maikromita 200 ndani ya ubongo wa panya, kisha ikafifia. Seli za neva zenye protini ya kijani zilipaswa kuonekana hadi 500 bila shida. Leza ilikuwa kwenye nanomita 920, miliwati 40 chini ya lenzi, na panya alikuwa amelala kwa dawa ya usingizi, isofluraini, juu ya mkeka wa joto wa nyuzi 37.

"Ongeza nguvu, Daktari," mwenzangu akasema. Nikamwambia angoje kwanza.

Darubini hii hutaka fotoni mbili, yaani chembe mbili za mwanga, ziifikie molekuli moja karibu kwa wakati mmoja, hivyo mng'ao hufuata mraba wa nguvu na hutoka pale miale inapokutana tu. Miale ikitawanyika, hata kidogo, mng'ao huporomoka. Karibu na juu huoni tofauti, kwa kuwa mwanga ni wa kutosha. Chini, tishu imeshakula sehemu kubwa. Kuongeza nguvu hapo ni kuupasha ubongo moto bure.

Tulifunga shata ya leza, skrini ikawa nyeusi tii, kwa hiyo si mwanga wa chumba. Pande zote za dirisha la kioo lililofunika ubongo zilionekana kwa kina kimoja, kwa hiyo halikuinama. Tukazima vigunduzi vya mwanga (tochi ya simu ingeviua) tukachungulia. Tone la maji kati ya lenzi na kioo lilikuwa limekauka nusu, limevutwa upande mmoja, na ndani yake kiputo kama punje ya ulezi. Joto la mkeka na hewa kavu ya msimu ule vilikuwa vimelimaliza taratibu. Miale ya pembeni, ambayo ndiyo hukaza kitovu cha mwanga, ilikuwa ikipita hewani.

Badala ya maji tukachukua jeli ya ultrasaundi, ileile wanayopakwa wajawazito, tukaijaza kwenye bomba la sindano na kuizungusha kwenye sentrifuji mpaka viputo vyote vitoke. Usiruke hatua hiyo. Jeli yenye viputo ni mbaya kuliko maji yaliyokauka. Tukaweka upya sifuri ya kina kwenye utando wa ubongo, tukashuka. Kwa miliwati zilezile 40, matawi ya neva yakaonekana hadi 480.

Lenzi ioshwe kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke siku hiyohiyo. Jeli ikigandia hapo, utaisugua na kuikwaruza.